PEREMENDE MFUKONI: PIPI YA MINT NI DAWA AU NI SUKARI TU?

Leo tuzungumzie kitu kidogo ambacho wengi wetu tunacho mfukoni au kwenye mkoba hivi sasa: peremende, ile pipi ya mint inayopoza mdomo.

Panda basi la alfajiri kutoka Stratford au Peckham pamoja na watu wanaotoka shifti, utaiona. Mbeba boksi wa ghalani anaimumunya ili asisinzie. Mama anayelea wazee anaiweka mdomoni ili asimkaribie mgonjwa akiwa na harufu ya kitunguu. Dereva anaitumia kutuliza tumbo lililojaa gesi. Mwingine ana mafua, anasema inamfungua kifua. Kwa kuwa ni ndogo na ina ladha kama ya dawa, hakuna anayeihesabu kama chakula. Daktari akikuuliza unakula nini kwa siku, utamtajia wali, ugali, chapati na chai. Peremende hutaitaja!

Hapo ndipo penye tatizo. Peremende moja haimdhuru mtu mzima mwenye afya, na makala hii haikusudii kumtisha mtu. Madhara yanakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mazoea ya kumumunya mfululizo, moja baada ya nyingine. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kuitumia kuficha dalili ambayo ilipaswa kupelekwa kwa daktari. Tuzitazame zote mbili taratibu.

1. PEREMENDE NI NINI HASA?

Neno lenyewe lina historia. Limetokana na jina la Kiingereza la mmea wa peppermint. Waswahili walilichukua, wakalilainisha, na leo wengi wanaliita hivyo pipi la aina yoyote. Tanzania bara tunasema zaidi "pipi", na ile kali yenye mentholi nyingi tunaiita "pipi kifua". Jina hilo tu linakuonyesha watu wanaitegemea kwa kazi gani. Tutalirudia baadaye.

Mmea wa peppermint ni jamii ya mnanaa. Nanaa tunayotia kwenye chai kule Zanzibar na Mombasa ni ndugu yake. Majani yake yana mafuta, na ndani ya mafuta hayo kuna kitu kinachoitwa mentholi. Mentholi ndiyo inayoleta ule ubaridi.

Sisi tunaoishi London tuko karibu na chimbuko lake kuliko tunavyodhani. Mitcham, huku kusini mwa jiji, palikuwa na mashamba makubwa ya mint na lavenda katika karne ya 18 na ya 19, na aina ya mint iitwayo Black Mitcham bado inalimwa katika nchi nyingine hadi leo. Pipi za Altoids zilianza kutengenezwa hapa London miaka ya 1780, na zilitangazwa kuwa zinatuliza tumbo. Huko Forest Gate, mashariki mwa jiji, ndiko ilikoanzishwa kampuni ya Trebor mwaka 1907, na mwaka 1935 ikatoa zile mint zake kali ambazo bado ziko madukani. Kwa hiyo tusiseme kwamba kuiona mint kama dawa ni imani ya bibi zetu tu. Waingereza wenyewe wameishi na imani hiyo kwa zaidi ya miaka 200.

Lakini mmea ni kitu kimoja, na pipi ni kitu kingine. Tugeuze pakiti tusome.

2. NDANI YA PIPI KUNA NINI?

Peremende ngumu ya kawaida imetengenezwa kwa sukari, mara nyingi pamoja na sharubati ya glukosi, na mafuta ya mint kidogo sana kwa ajili ya ladha. Haina protini ya maana, haina nyuzinyuzi, haina vitamini wala madini ya kukufaa. Ukisoma jedwali la lishe nyuma ya pakiti utaona kwamba katika kila gramu 100, zaidi ya gramu 90 ni wanga, na mara nyingi karibu wanga wote huo ni sukari.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Gramu moja ya sukari ina kilokalori 4. Peremende yenye uzito wa gramu 4 ni sawa na kibonge kimoja cha sukari, yaani kilokalori kama 16. Peke yake si kitu.

Chukua sasa mfano wa ndugu anayefanya usafi maofisini. Anaingia saa nne usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa nane. Akimumunya peremende moja kila nusu saa ili asilale, zinakuwa 16. Mara gramu 4, ni gramu 64 za sukari katika usiku mmoja. Akifanya shifti 20 kwa mwezi, ni gramu 1,280. Zaidi ya KILO MOJA ya sukari kwa mwezi, na hapo hatujagusa chai, soda wala keki!

Wataalamu wa lishe wa serikali ya Uingereza walipendekeza mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku, sawa na vibonge 7. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 asizidishe gramu 24, na wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 19. Hesabu hii inajumlisha sukari ya kwenye soda, biskuti, asali na maji ya matunda. Ndugu yetu wa usafi amemaliza kiwango cha siku mbili kwa peremende peke yake, na anaapa kwamba hali vitu vitamu.

Ndiyo maana nasema ianze kuhesabiwa.

3. MENO: SI WINGI TU, NI MUDA

Wengi tunajua sukari inaoza meno. Kinachosahaulika ni jinsi inavyofanya kazi hiyo.

Mdomoni kuna bakteria. Wakipata sukari wanaigeuza kuwa asidi, na asidi inanyonya madini kutoka kwenye ganda gumu la jino. Mate yako yanapambana: yanaosha, yanapunguza ukali wa asidi, na polepole yanarudisha madini. Lakini mate yanahitaji muda. Baada ya kula kitu chenye sukari, mdomo unabaki na asidi kwa dakika 20, pengine zaidi ya nusu saa.

Mtu anayekula kipande cha keki akamaliza, anawapa bakteria mlo mmoja. Mtu anayemumunya peremende kila nusu saa anawaandalia karamu ya usiku kucha. Kabla mate hayajamaliza kazi, peremende nyingine imeingia. Kwa hiyo kwa upande wa meno, pipi inayoyeyuka taratibu ni mbaya kuliko chakula kitamu kinacholiwa mara moja kikaisha. Ukiiweka shavuni upande mmoja kama wengi wafanyavyo, meno ya upande huo ndiyo yanayoumia zaidi.

Usilale na peremende mdomoni kamwe. Ukilala mate yanapungua sana, na sukari inakaa pale pale. Zaidi ya hayo unaweza kupaliwa.

Kwa wafanyakazi wa usiku kuna jambo jingine. Ushauri wa kawaida ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala. "Kabla ya kulala" kwako wewe huenda ni saa tatu asubuhi. Wengi wanarudi nyumbani wamechoka, wanajitupa kitandani na sukari ya usiku mzima mdomoni. Piga mswaki kwanza, kwa dakika mbili, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Tema povu, lakini usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Kuhusu watoto: katika Uingereza, kuoza meno ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya watoto wa miaka 5 hadi 9 kulazwa hospitali. Si pumu, si ajali. Ni meno ya kung'olewa! Mtoto chini ya miaka 18 anatibiwa meno bure na daktari wa meno wa NHS, na mama mjamzito pia, hadi mtoto atimize mwaka mmoja. Ni kweli kwamba kumpata daktari wa meno anayepokea wagonjwa wapya wa NHS kunachosha. Piga simu zaidi ya kliniki moja, na ukiwa na maumivu makali au uvimbe piga 111.

4. JE, ZILE ZISIZO NA SUKARI?

Hapa kuna habari njema, na tahadhari yake.

Peremende zisizo na sukari zinatiwa utamu wa aina nyingine ambao bakteria wa mdomoni hawawezi kuugeuza asidi kwa urahisi. Kwa meno ni bora zaidi. Kama kazi yako inakulazimu uwe na kitu mdomoni, chagua hizi.

Tahadhari ya kwanza: "bila sukari" haina maana ya "bila kalori". Utamu huo kwa kawaida unahesabiwa kilokalori 2.4 kwa gramu, yaani zaidi ya nusu ya sukari.

Tahadhari ya pili ni tumbo. Soma orodha ya viambato. Ukiona sorbitoli au namba E420, manitoli E421, isomalti E953, maltitoli E965, au zailitoli E967, jua kwamba vitu hivi havifyonzwi vyote na utumbo. Vinavyobaki vinavuta maji na kuchachuka, na matokeo yake ni gesi, tumbo kunguruma na kuharisha. Ndiyo maana sheria inataka vyakula venye zaidi ya asilimia 10 ya utamu huo viandikwe onyo kwamba ukizidisha utaharisha. Onyo lipo, ila limeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2008 madaktari wa Ujerumani waliandika katika jarida la tiba la BMJ kuhusu wagonjwa wawili waliokuwa wakiharisha kwa miezi na kupungua uzito vibaya. Walipimwa kila kitu. Mwishowe ikagundulika kwamba mmoja alikuwa akitafuna bigijii zisizo na sukari kiasi cha kuingiza karibu gramu 20 za sorbitoli kwa siku, na mwingine alikuwa akila bigijii na pipi za aina hiyo kupita kiasi hicho. Walipoacha, kuharisha kukaisha na uzito ukarudi. Kwa hiyo kama tumbo lako linakusumbua bila sababu, mtajie daktari pipi na bigijii pia.

Tahadhari ya tatu ni kwa wenye mbwa nyumbani, na kwa wale wanaofanya kazi kwenye nyumba zenye mbwa: zailitoli ni SUMU kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Usiache pakiti mezani.

5. TUMBO NA KIUNGULIA

Watu wa zamani hawakukosea kabisa. Mafuta ya mint yanalegeza misuli ya utumbo, na kwa mtu mwenye utumbo unaojikaza na kuuma yanaweza kusaidia. Maduka ya dawa hapa Uingereza yanauza vidonge vya mafuta ya mint kwa ajili ya matatizo hayo. Lakini vidonge hivyo vina kipimo maalumu, na vimevikwa ganda la kuzuia visiyeyuke kabla ya kufika kwenye utumbo. Peremende inayeyukia mdomoni na ina mafuta kidogo mno. Kudhani kwamba pakiti ya pipi ni sawa na dawa ile ni kujidanganya.

Tena kule kulegeza kuna upande wake mbaya. Kati ya umio na tumbo kuna msuli kama mlango, unaozuia asidi isipande juu. Mint inaweza kuulegeza mlango huo. Kwa hiyo mtu mwenye kiungulia anayemumunya mint akidhani anajitibu, anaweza kuwa anauacha mlango wazi. Anapata ubaridi kwa dakika tano, halafu moto unarudi, anachukua nyingine. Wajawazito wanaopata kiungulia wajiangalie hapa pia, na wamuulize mkunga dawa iliyo salama kwao.

Jaribu hivi: acha mint zote kwa wiki mbili, pipi, bigijii na chai ya mint, uone kama kiungulia kinapungua. Usilale mara tu baada ya kula. Wanaotoka shifti wakala wali na kulala papo hapo wananielewa.

Nenda kwa GP ikiwa kiungulia kinakusumbua karibu kila siku kwa wiki tatu au zaidi, chakula kinakwama kooni, unatapika mara kwa mara, au unapungua uzito bila kukusudia. Ukitapika damu au ukapata choo cheusi kama lami, usisubiri miadi: nenda hospitali mara moja. Na maumivu ya kifua yanayokandamiza, yanayoenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, hayo usiyaite kiungulia. PIGA 999. Peremende haitibu moyo.

6. PIPI KIFUA: JE, INAFUNGUA KIFUA?

Tulisema tutarudi kwenye jina hili. Ukiwa na mafua ukamumunya pipi kali ya mentholi unahisi pua imefunguka na hewa inaingia. Je, kweli imefunguka?

Watafiti wa Cardiff walipima jambo hili. Waliwapa watu wenye mafua lozenji za mentholi, wakapima hewa inavyopita puani. Watu walisema wanapumua vizuri zaidi, lakini vipimo vilionyesha kwamba pua ilikuwa imeziba vile vile. Mentholi inaigusa mishipa ya fahamu inayohisi baridi. Mishipa hiyo ina kipokezi maalumu ambacho kazi yake iligunduliwa mwaka 2002, na mmoja wa wagunduzi wake, David Julius, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian kwa kazi yao juu ya hisia za joto, baridi na mguso. Kwa maneno mepesi: ubongo unaambiwa "kuna hewa baridi", nao unaamini.

Si dhambi kutafuta nafuu. Mafua ya kawaida yataisha yenyewe, na kama pipi inakupa raha kidogo kooni, sawa. Hatari ni pale kikohozi kinapokaa wiki baada ya wiki na wewe unanunua pakiti nyingine tu.

Ndugu zangu, kikohozi kinachozidi wiki TATU kinahitaji GP. Sisi tuliozaliwa au kuishi muda mrefu Afrika Mashariki tuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko Mwingereza wa kawaida wa kuwa na vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, na vinaweza kuamka miaka mingi baada ya kufika hapa. Dalili zake ni kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, homa, kupungua uzito, na wakati mwingine makohozi yenye damu. Kinatibika kabisa kwa dawa. Kisipotibiwa kinaua, na unaweza kuwaambukiza wanao chumba kimoja nawe.

Wengine wanaogopa kwenda kwa sababu ya karatasi. Tafadhali soma hapa mara mbili. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu ni BURE kwa kila mtu nchini Uingereza, awe na karatasi au asiwe nazo. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kuonyesha kibali cha kuishi, pasipoti wala uthibitisho wa anwani. Mtu wa mapokezi akikuambia vinginevyo, mwambie kwa heshima kwamba mwongozo wa NHS hauhitaji hivyo.

7. HARUFU YA MDOMO

Hili ndilo linalotupeleka wengi kwenye peremende, na wengi wanaona aibu kulizungumza. Mint inafunika harufu kwa dakika chache, kama udi katika chumba ambacho takataka hazijatolewa. Na peremende yenye sukari inawalisha bakteria wale wale.

Chanzo mara nyingi kiko mdomoni: fizi zinazotoka damu, jino lililooza, mabaki ya chakula kati ya meno, au utando kwenye ulimi. Safisha ulimi, pitisha uzi au vibrashi vidogo kati ya meno, kunywa maji. Mswaki wa mti tuliouzoea nyumbani nao ni mzuri kwa kusugua, ila hauna floraidi ya kutosha, kwa hiyo usiache dawa ya meno. Mdomo mkavu pia unanuka, na dawa kadhaa za hospitali zinakausha mdomo, hivyo mwulize mfamasia kuhusu dawa unazotumia.

Lakini harufu kama ya matunda yaliyoiva sana au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, pamoja na kiu kali, kukojoa mno, kutapika, maumivu ya tumbo au kuhema kwa nguvu, si kazi ya mint hata kidogo. Inaweza kuwa ni kisukari kilichopanda hadi damu ikajaa asidi. Hii ni dharura: nenda A&E au piga 999.

8. WENYE KISUKARI, NA WASIOJIJUA

Kisukari aina ya 2 kinawapata Waafrika na Waasia wanaoishi Uingereza zaidi kuliko Waingereza weupe, na mara nyingi katika umri mdogo zaidi. Ndiyo maana sisi tunashauriwa kuanza kujiangalia tangu miaka 25, hasa kama ndugu wa damu anacho au kiuno kimeongezeka. Katika Uingereza, ukiwa na umri wa miaka 40 hadi 74 na huna ugonjwa kama wa moyo au kisukari, una haki ya kupimwa afya bure kila baada ya miaka mitano. Wengi wanapata barua na kuitupa. Usiitupe!

Kama tayari una kisukari na unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana, sikiliza hili. Watu wengi wanabeba peremende ngumu wakisema "sukari ikishuka nitamumunya". Peremende ngumu inayeyuka POLEPOLE. Sukari ikishuka, ukaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, unahitaji gramu 15 hadi 20 za sukari inayoingia haraka: glasi ndogo ya maji ya matunda, au vidonge vitano vya glukosi, au zile pipi laini za umbo la mtoto, nne kubwa. Subiri dakika 10 hadi 15, pima tena. Peremende isiyo na sukari haitakusaidia kitu, na mtu aliyezirai hawekewi pipi wala kinywaji mdomoni. Piga 999.

9. WATOTO WADOGO NA MAMBO YA HALALI

Peremende ngumu, ya duara na inayoteleza, inaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Usimpe mtoto chini ya miaka mitano, hata akilia kwenye basi. Kijana mkubwa asile akiwa anakimbia au anaruka.

Kwa Waislamu na wote wasiokula nguruwe au nyama: zile mint laini za kutafuna, baadhi yake zina gelatini, ambayo inaweza kuwa ya nguruwe au ya ng'ombe asiyechinjwa kihalali. Zile zenye mistari myekundu wakati wa Krismasi huweza kuwa na rangi E120, ambayo inatokana na wadudu. Peremende nyingi ngumu hazina gelatini, lakini dawa ni kusoma lebo kila mara, kwani viambato hubadilika.

10. SASA UFANYE NINI?

- Kwa wiki moja hesabu peremende zako. Weka karatasi za pipi mfukoni, kisha zihesabu Jumapili. Wengi watashangaa.
- Kama ni za sukari, zile mara tu baada ya mlo, si kila nusu saa. Kisha kunywa maji.
- Kama lazima kuwa na kitu mdomoni kazini, chukua isiyo na sukari, chache, na simama tumbo likianza kunguruma.
- Usingizi wa shifti hauondolewi na pipi. Lala vya kutosha mchana, weka pazia zito, na uombe mapumziko yako kazini.
- Usimpe mtoto peremende kama zawadi ya kila siku.
- Jiulize swali hili moja: NAITUMIA PEREMENDE HII KUFICHA NINI? Kama jibu ni kikohozi, kiungulia, jino, au harufu isiyoisha, weka pakiti chini na upige simu kwa GP au kwa daktari wa meno.

Peremende ni starehe ndogo, na starehe ndogo zina nafasi yake katika maisha haya magumu ya ughaibuni. Ile iwe pipi tu. Usiipe kazi ya daktari.

Kumbuka kwamba maelezo haya ni ya jumla, na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekujua. Mpelekee pia ndugu anayefanya kazi usiku, hasa yule anayekohoa kila ukimpigia simu.